Bibi Shamba Anajibu: Ua Lililoruka Ua

Barua ya kwanza mwezi huu nimeisoma mara tatu, kwa sababu ilinishika pabaya. Naiweka karibu yote.

*Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi milimani wilaya ya Muheza, njia ya kupandia Amani. Ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji. Tuna msitu wetu wa hifadhi wa kijiji, mdogo, na ndani yake kuna chemchemi tunayochota maji. Zamani watu walilima iliki mle chini ya miti. Iliki ilipochoka wakaacha, na hapo walipoacha pameota maua. Mazuri, siwezi kusema uongo: kishada kimoja njano katikati na waridi pembeni, kingine njano na nyekundu. Lakini kichaka chake hakipitiki, kina miiba ya kurarua khanga, na chini yake hakuoti kitu. Mwaka jana tuliitisha msaragambo, vijana wakafyeka siku mbili, tukachoma. Masika yalipokuja kikarudi mara mbili ya kile cha kwanza. Wazee wengine wanasema tuache kukata ovyo, yapo maua ya asili yanayofanana na hilo ambayo ni dawa. Mbuzi wa jirani alikula majani yake akaugua. Tufanyeje? Na yule mdudu aliyelishambulia gugu maji Ziwa Viktoria, hatuwezi kuletewa wa kwetu?*

Marahaba, mwanangu. Hiyo ni lantana, kwa jina la wataalamu *Lantana camara*. Kabla sijasema la pili nikiri jambo, maana nisipolisema mimi atalisema mtu wa Muheza mwenye kumbukumbu nzuri.

Mwaka 1981 nilikuwa bibi shamba mgeni, miaka 23, nimepangiwa wilaya hiyohiyo yako. Nyumba niliyopewa ilisimama kwenye udongo mwekundu mtupu, kuku wa jirani wakiingia mpaka jikoni. Mwenzangu kazini akanipa vipandikizi vya lantana, nikazungushia ua wa hatua 40. Mwaka haukuisha, ua ukawa umefunga: hapenyi kuku, hapenyi mbuzi, na maua toka mlangoni hadi chooni. Akina mama waliokuja kwangu kujifunza bustani za mboga wakausifu. Nami kwa ujana wangu nikakata nikawagawia, kila mmoja vipande 10, na maelekezo ya kupanda juu yake. Sitadai lantana yote ya milima ile ni ya mkono wangu; ilikuwako Tanga kabla sijazaliwa. Lakini mkono wangu umo.

Na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kunionya. Kuna ua la kunusa, kuna ua wa kuzungushia nyumba, na kuna "ua!" ya kutoa roho. Mmea huu ukiuita kwa lolote kati ya hayo matatu, unaitika.

Kwao ni Amerika ya joto. Waholanzi waliichukua huko katika karne ya 17, ikapandwa bustani za Ulaya, wakulima wa maua wakachanganya aina hii na ile, na ndiyo sababu vishada vya kwenu havifanani rangi. Kutoka bustani hizo ikasambazwa kwenye makoloni kama pambo na kama ua wa nyumba. Milima yenu nayo ilitoa cha kwake: mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekaa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau, akapeleka mbegu kwao, na leo ua hilo la Usambara limejaa madirishani huko Ulaya na Marekani. Kwetu bado linaishi kwenye miamba yenye unyevu, kivulini. Paa la msitu likitoboka, jua likiingia, ua letu linakauka na la mgeni linanenepa. Tulitoa zambarau tukapokea miiba, na hata hiyo zambarau iliyobaki tunakaribia kuipoteza.

Sasa wazee wako. Wana haki kabisa ya kuwa na wasiwasi, kwa hiyo kabla ya panga, mfundishane kuitambua. Shika tawi changa uliviringishe kati ya vidole: utahisi pembe nne, si duara. Pitisha kidole kuelekea chini ukutane na vijiba vilivyopinda kama ndoano. Majani yanakaa mawili mawili yakitazamana, kingo zina meno, na juu yanakwaruza kama msasa laini. Sugua jani moja unuse. Harufu hiyo ukishaikuta mara moja hutaisahau. Mimi hunikumbusha paka dume aliyepita ukumbini. Vijiua vya kishada huanza njano katikati, kisha vikizeeka hugeuka waridi au vyekundu pembeni. Tunda ni kijani, likiiva linakuwa jeusi la kung'aa. Utotoni tuliyala yaliyoiva tukarudi nyumbani midomo myeusi, na mama alijua tulikokuwa. Siku hizi nawakataza wajukuu, hasa mabichi ya kijani, ambayo yana sumu.

Inayofanana nayo na isiyo na hatia ni ile yenye maua madogo meupe, harufu nzuri, isiyo na miiba, ambayo bibi zetu walifukizia mbu. Hiyo ni *Lippia*, iacheni. Kuna pia ndugu yake lantana mwenye majani matatu matatu kwenye kila kifundo, maua ya zambarau hafifu, vitunda vya zambarau vilivyopangana kama suke. Hana vijiba, na mimi humpita nikamsalimu. Basi waambieni vijana: bila miiba, hakuna kukata. Nao wazee wafuatane nanyi siku ya kwanza, waoneshe kwa mkono mimea yao. Heshima hiyo itawasaidia kuliko hotuba.

Neno moja la pembeni. Mkikuta ndani kabisa, kwenye kivuli kizito, kichaka kifupi chenye manyoya, jani limepitwa na mishipa mitano ya kutoka shinani kwenda nchani, maua meupe na vitunda vya buluu nyeusi, hiyo si lantana. Ni *Clidemia hirta*, mgeni mwingine wa milima ya Amani, na huyu kivuli hakimsumbui. Mng'oeni angali mdogo.

Kwa nini ilirudi maradufu? Kwa sababu mliifyeka. Lantana ukiikata juu ya ardhi unaipogoa, kama unavyopogoa chai. Shina moja linatoa manne. Moto nao uliwaunguzia miche ya miti iliyokuwa inajaribu kuinuka, ukaacha jivu na jua, vitu ambavyo lantana inavipenda mno. Nguvu ya vijana siku mbili nzima ilikwenda kumtilia adui mbolea. Sikulaumu, mwanangu. Ua wangu niliufyeka hivyohivyo misimu miwili kabla sijaelewa.

Roho yake iko kwenye fundo la shina, pale shina linapokutana na mzizi. Mtu mmoja akate matawi ya nje kwanza ili mpate njia, na vishada vyenye vitunda viingizwe kwenye gunia mara moja, visidondoke. Wa pili aje na sururu au jembe lenye makali, afukue kidogo shinani, akate mzizi mkuu sentimita 3 hadi 5 chini ya udongo. Kisha kichaka kizima kiinuliwe na kupinduliwa, mizizi juu, matawi chini, kikaukie hapohapo juu ya matawi yake bila kugusa ardhi. Njia hii Wahindi waliijaribu kwenye hifadhi zao za chui milia, na sababu yake ni nyepesi: fundo likitoka, mizizi iliyobaki chini haina pa kuchipulia, na udongo haukuchimbuliwa sana. Fanyeni mvua ikiwa imelainisha ardhi. Glovu nzito na mikono mirefu, na khanga nzuri ibaki nyumbani.

Vitunda vya kwenye gunia chomeni nje ya msitu. Fito zikikauka ni kuni nzuri. Wasoliga wa kusini mwa India wanazichemsha, wanazimenya na kutengenezea viti, kazi ya kupendeza. Mkitaka kujaribu jaribuni, ila msifike mahali fundi akawaomba mmuachie shamba la lantana.

Watu wengi huanzia pasipopaswa. Nanyi, nadhani, mlianzia pale palipofunga zaidi, maana ndipo panapoudhi. Safari hii anzieni upande wa pili. Miaka ya 1960 huko Sydney, Australia, dada wawili, Joan na Eileen Bradley, walisafisha vichaka vya asili karibu na kwao kwa mtindo ambao majirani waliuona wa kivivu: walianza pale ambapo mimea ya asili ilikuwa bado na nguvu, wakang'oa mgeni mmoja mmoja, udongo wakaugusa kidogo, kisha wakangoja wenyeji wajaze pengo ndipo wasogee. Hatua iliamuliwa na msitu, si na wingi wa watu. Kwa msitu wenu maana yake ni kuanzia chemchemini, penye miti mikubwa, na kusogea taratibu kuelekea iliki ya zamani. Kichaka kile kikubwa kitawasubiri, hakina pa kwenda. Mkifika kwenye mteremko mkali msiufungue wote kwa mpigo. Ng'oeni kwa mikanda ya kukata mteremko, vichaka vilivyopinduliwa mvilaze kwa kukingama mteremko, la sivyo mvua ya masika itashusha udongo kwenye maji mnayokunywa.

Na kwa sababu ya maji hayohayo, dawa ya magugu sitaki kuisikia hapo. Wapo wanaopaka dawa kwa brashi kwenye kisiki kibichi, na mahali pengine inafaa. Juu ya chemchemi, hapana.

Halafu mrudi. Hapa ndipo misaragambo mingi inapokufa, kwa sababu siku ya kwanza kuna ngoma na ugali, siku ya nne hakuna hata mwenyekiti. Shorewanda wanakula vitunda na kuangusha mbegu chini ya matawi wanayotua, na zilizomo ardhini hukaa miaka kabla ya kuota. Mche wa lantana wenye urefu wa kiganja unang'oka kwa vidole viwili. Ukiuachia miezi sita, unahitaji sururu. Kwa hiyo akina mama watano wanaopita kila baada ya miezi miwili, kila mmoja na kikapu, wana thamani kuliko vijana 50 wa siku moja. Mwaka wa kwanza msikose hata mzunguko mmoja. Baada ya hapo mnaweza kupunguza, lakini msiache.

Mapengo makubwa yapandeni, kwa sababu kivuli ndicho mlinzi asiyelala. Mshai unakua haraka na unafunika. Chini yake baadaye muweke msambu, ambao mbegu zake zina mafuta na zinauzika. Miche mchukue humohumo msituni, ile iliyosongamana chini ya mama yake, mkaitunze kwenye kitalu msimu mmoja. Na kama mpaka wenu unagusana na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, upande wa pili msikate hata jani moja kabla ya kuzungumza na mhifadhi, hata kama lantana imewachungulia.

Mdudu? Nilijua utauliza. Fukusi wa gugu maji walifanya kazi kwa sababu walikula gugu maji. Kwa lantana mambo ni magumu, maana ile michanganyiko ya bustani za Ulaya imefanya aina nyingi, na mdudu anayeipenda moja anaisusa nyingine. Kuna mmoja, *Teleonemia scrupulosa*, mdogo, mbawa zake kama kimia, aliyepelekwa Uganda. Miaka ya 1960 akaonekana ananyonya ufuta shambani. Kwa hiyo mimi nasema sururu.

Kuhusu mbuzi: mwenye mifugo amtoe juani sasa hivi. Sumu ya lantana inaharibu ini, na mnyama mwenye ini bovu ngozi yake inaungua na jua, hasa sehemu zisizo na manyoya na zenye weupe. Pua na masikio huchubuka, macho hugeuka manjano, haja inakuwa ngumu. Kivuli, maji, na daktari wa mifugo aitwe bila kungoja kesho. Mara nyingi wanaokula ni wenye njaa kali au wageni walionunuliwa mbali, wasioijua.

La mwisho kwako, na ndilo litakalokuletea maneno kijijini. Pita nyumba kwa nyumba uhesabu nyua za lantana. Kila ua unaochanua ni kitalu, na ndege ndio wasafirishaji. Anza na wajumbe wa kamati. Ukisikia mama mmoja mzee anasema "lakini huu nilipewa na bibi shamba", mwambie bibi shamba mwenyewe ameomba ung'olewe, na kwamba wa kwake, zile hatua 40, ulimtoa jasho misimu mitatu.

*Bibi Shamba, habari za siku? Mimi ni mzee wa miaka 71, nafuga vipepeo huku Usambara Mashariki, tunauza mabuu. Vijana wa mazingira wanataka kung'oa lantana yote. Vipepeo wangu wanaipenda mno. Nikatae?*

Shikamoo mzee wangu. Usikatae, lakini usiachwe mikono mitupu. Vipepeo wako wanaipenda kama watu wazima wanavyopenda soda. Watoto wao hawaishi humo. Kiwavi ana mti wake maalumu, wa michungwa kwa yule mkubwa mweusi na njano unayemfahamu vizuri kuliko mimi, na mti huo ndio unaokupa mabuu. Lantana inasonga miti ya viwavi wako kando ya msitu, kwa hiyo soda imekula chakula. Wale wanene wa jamii ya *Charaxes* hata maua hawayataki, wewe unawawekea ndizi na maembe yaliyooza.

Kwa wanywaji wa maua panda pentasi kuzunguka banda, ile yenye vinyota vidogo vya waridi, vyekundu au vyeupe. Ni mwenyeji wa Afrika Mashariki, inachanua muda mrefu, na vipepeo wanaigombania. Subiri ichanue, ndipo ruhusu lantana itoke. Ukiona moyo unauma kabisa, bakiza mche mmoja ndani ya banda la neti, kwenye ndoo, na kila kishada kinachomaliza kuchanua ukikate kabla hakijafunga vitunda. Mmoja, mzee wangu. Nitawatuma vijana wakague.

*Salamu kutoka Siaya. Boma letu limezungushiwa lantana tangu wakati wa babu. Nimesikia eti ua huu huficha mbung'o. Ni kweli ama ni hadithi za kutisha watu?*

Ni kweli, ndugu yangu, na ushahidi wake uko hukohuko kwenu. Mwaka 1964 malale yalilipuka Alego, na walipochunguza walikuta mbung'o wa kandokando ya maji wamehamia majumbani, wakijificha na kuzaana kwenye nyua za lantana. Mdudu huyu hulaza funza wake kwenye udongo wenye kivuli na unyevu, na ua uliofunga hadi chini unampa vyote viwili hatua chache kutoka kwenye ng'ombe na watoto. Sisemi boma lako lina malale leo. Nasema sioni sababu ya kumtunzia nyumba.

Usiung'oe wote siku moja ukabaki wazi kwa wezi na mbuzi. Toa upande mmoja kila msimu, ukianza na ulio karibu na zizi na ule unaoelekea maji, na badala yake urudishe ojuok, ule mnyaa wa maboma ya zamani. Babu wa babu yako angeshangaa kwa nini ulitolewa. Tahadhari ya utomvu wake: ukiingia jichoni ni hatari, basi kata ukiwa umeupa upepo mgongo na watoto wakae mbali.

*Dada, nipo Dar es Salaam. Muuza miche barabarani kaniuzia lantana ya zambarau ya kuning'inia, kaapa kwamba hii haisambai. Nimeitundika barazani. Niamini?*

Usiamini. Hiyo inayotambaa ni *Lantana montevidensis*, ya Amerika ya Kusini, na Australia wanahangaika nayo kwenye malisho. Ni kweli haina miiba na haina ukali wa dada yake, ila kiapo cha muuza miche hakimzuii ndege. Mrudishie, mwambie akubadilishie na pentasi ikiwa baraza lako linapata jua. Kama lina kivuli tangu asubuhi mpaka jioni na hewa inapita, muulize kama anaweza kukupatia ua la Usambara. Atakwambia ni ua la Ulaya na bei atapandisha. Mcheke, halafu mlipe.